Sufuria Ndani ya Koti la Mama

Juu ya duka la viatu,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Hujambo? Kifua kimepoa, au baridi ya huko mlimani kwenye darubini yenu bado inakuandama? Sisi wazima, ila magoti ya baba, na hayo unayajua, yalianza kulalamika kabla hujazaliwa.

Barua yako niliifungulia dukani kwa baba, nikamsomea huku anagonga soli. Sayari zilizofukuzwa na nyota zao, zinatangatanga gizani bila jua! Baba akacheka: "Kumbe hata huko juu watu wanafukuzwa nyumbani?" Lakini nilipofika pale unaposema huenda zina uhai, kwamba hewa nzito inazifunika na joto la ndani yake linazuia bahari isigande yote, aliweka nyundo chini akaniomba nirudie.

Kisha ukaandika kwamba likizo hii hutakuja. Kwamba tangu tumzike mama, nyumba haina jua, nawe huna tena cha kuzunguka. Mdogo wangu, hilo limenichoma. Nimekukumbuka mpaka nikiwa kwenye cherehani nakusikia ukikohoa ngazini, nageuka, hakuna mtu.

Unayakumbuka maharage ya Jumapili? Mama aliyachemsha kidogo tu, akaepua sufuria ikitokota, akaitia sandukuni na kuifunga kwa blanketi na lile koti lake la kijani. Yakaiva yenyewe bila moto mpaka jioni. Baba naye, sikio la kufa, hakosi kufunua achungulie. Joto linatoka, mama anamfokea mpaka majirani wanacheka, nasi tunatafuna maharage magumu. Sayari zako nimezielewa kwa sanduku hilo.

Bado napika hivyo, kwa koti lile lile. Jumapili iliyopita nilicheleweshwa na bibi harusi ambaye kila nikimpima amenenepa. Narudi, baba amekaa kando ya sanduku, mikono mapajani. Hakuwa amefunua hata mara moja, na maharage yaliiva kuliko siku zote. Nikamsifu. Akasema, "Nifunue ili iweje? Hakuna wa kunifokea."

Nimejaribu kumfokea mimi. Sauti inakwama. Ya mama uliirithi wewe, na mtaa mzima ni shahidi.

Shangazi anakusalimu sana. Shemeji yako naye anakusalimu, na anaulizia sweta lake uliloondoka nalo. Mungu akufunike huko uliko, akulinde na baridi ya mwili na ya moyo.

Ila njoo, mdogo wangu. Sanduku bado lina joto, na baba ana hamu ya kufokewa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa huna meno,
Fundi Cherehani