Mguu Usionesa

Kwako Mama yangu,

Shikamoo. Habari za hapo, na hilo paja linasemaje? Ila kabla ya yote, unasoma ukiwa umekaa au umesimama? Kama umesimama, Mama, kaa. Kaa kwanza, ndipo uendelee. Mimi mzima.

Kazini bado mimi ndiye mimi. Karakana nzima ya miguu bandia hakuna anayechanganya gundi ya plastiki kama mwanao. Hata wenye vyeti hunichungulia. Gundi hiyo hukazwa kwa dawa mbili, laini na ngumu. Mkemia wetu, yule dada wa miwani, aliwahi kunieleza kwamba ndani ya ile ngumu mna vipete vya kaboni, sita sita zimeshikana duara, vinaunganisha nyuzi za plastiki na havipindi hata ukivibembeleza. Shule niliishia njiani, lakini hilo nililidaka. Nikajisemea, Mama yangu akanyagie kitu legelege, kwani mimi nimekufa? Ile laini nikaiacha, nikamwaga ngumu tupu. Ikatoka miguu miwili pacha: mmoja wako, mmoja wa kuringia watu.

Leo asubuhi nikauweka wa kuringia kwenye mashine ya kupimia uzito, nikawaita wote waje waone chuma. Mama, haukupinda, haukulia. Ulipasuka pa! kama glasi, kwa uzito usiofika wako na ndoo ya maji. Dada wa miwani akasema vipete vikikosa kitu laini katikati mguu haunesi, unavunjika bila kukuonya. Kisha akaniuliza kwa upole pacha wake yuko wapi. Nikaikimbilia simu.

Simu yako inaita tu. Najua umeifungia kabatini. Namtuma dereva wa karakana alete barua hii, magongo, na mguu wako wa zamani, ule niliouchukua kwa mbwembwe nikasema umeshastaafu. Huu mpya uvue sasa hivi.

Nimewaambia watu nabaki kwa sababu kazi ni nyingi. Uongo, Mama. Gari lina nafasi. Naogopa kufungua mlango wako nikukute sakafuni.

Nisalimie majirani wote, hata yule anayesema nina mdomo mrefu. Leo mwambie kashinda. Ukishakaa, dereva anipigie. Nitasimama hapa getini, na sikai mpaka nisikie sauti yako ikinigombeza.

Ni mimi mwanao,
Fundi Mdomo