Uwele wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Mama mkwe amefika jana kutoka Shinyanga. Nkwabi, mume wangu, ana furaha hiyo! Amekwenda zamu mgodini akipiga mluzi. Asubuhi nimemwamkia mama Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akacheka matamshi yangu ya Tabora. Mchana nimempikia wali wa nazi — nazi ya duka la Fikirini, imesafiri kutoka pwani hadi Geita! Matonge matatu tu. Akasema ameshiba. Uongo mtupu.

Jumanne, 4 Agosti
Sembe ya posho na furu, visamaki vya ziwani, wa kukaanga. Matonge mawili! Nimemsikia akimwambia mwanawe kwamba sembe hii nyeupe haikai tumboni, njaa inarudi kabla hujanawa mikono. Jumamosi anarudi kwake na lori la Athanas.
Moyo umenishuka. Mimba yangu ina miezi minane, ya kwanza, na mama yangu mzazi nilimzika Tabora. Kambi nzima wanaume. Namtaka akae mpaka nijifungue! Lakini kumwambia naona haya. Nani atakaa kwenye nyumba asikoshiba?

Jumatano, 5 Agosti
Nkwabi, eti leo ndiyo anakumbuka: mama yake kakulia ugali wa uwele, hata meno yakiisha atautafuna kwa ufizi. Mwanamume huyu! Kesho gulioni.

Alhamisi, 6 Agosti
Yamenikuta.
Unga wa uwele niliuona kwa wanawake wanne. Wa bibi mmoja ulinukia utamu, nikauchagua huo. Bibi akatazama ushungi wangu, akatazama tumbo, akacheka. Nikadhani ana bashasha tu.
Nikabandika maji, nikasonga. Ukashika kidogo, kisha ukalegea. Nikaongeza unga — ukalegea zaidi! Nikasonga mpaka jasho likanitoka hadi magotini, mwiko unaogelea tu. Nikakaa kwenye kinu nikalia, kweli nililia.
Mama mkwe akaingia jikoni. Akachovya kidole, akalamba. Alicheka mpaka akashika ukuta! Kumbe unga ule ni kimea: uwele uliolowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Wa kupikia pombe. Mimi, binti wa mwalimu wa madrasa!
Nikanyanyua sufuria nikamwage. Akanishika mkono.
"Usimwage, mwanangu. Haijachacha, ni togwa tu hii. Kwetu anapewa mzazi, apate nguvu na maziwa."
Tukanywa bakuli mbili mbili. Tamu, na sukari sikutia hata chembe! Mtoto tumboni akacheza ngoma.

Ijumaa, 7 Agosti
Leo mwalimu ni yeye. Kapata uwele mzima kwa jirani wa ng'ambo ya kijito. Tumeupepeta, tumeutwanga, tumeusaga kwenye jiwe — yeye anasaga, mimi nimekatazwa kuinama. Ugali wa kijivu, mzito, unanukia shamba. Mboga nsansa, majani makavu ya kunde, na karanga za kusaga. Basi! Hakuna mafuta, hakuna nazi. Mama kala mpaka kalamba vidole. Nami nimeshiba nisivyoshiba mwezi mzima. Nkwabi karudi zamu, kakuta ukoko.
Lakini mzigo wake ameufunga, uko mlangoni. Nilitaka kumwambia akae. Badala yake nikamwuliza kama anataka maji.

Jumamosi, 8 Agosti
Naandika nimesimama. Lori linapiga honi barabarani. Nkwabi yuko mlangoni, mzigo begani. Mama yuko uani, hana haraka.
Nimekwenda kumwita. Nimemkuta ameinamia chungu, uwele umo ndani, umeloweka tangu alfajiri. Nikamwuliza wa nini. Wa kimea cha uji wa mzazi, kasema, na ule wangu wa gulioni wameusaga ovyo. Huu utachukua siku tatu kuota, halafu kuuanika, halafu kuusaga.
Nikahesabu kwa vidole: mpaka Jumanne, na lori linaondoka leo!
Honi tena! Nkwabi anapiga kelele: apakie mzigo au asipakie? Mama anatandaza gunia bichi, anatugombeza sote wawili kwa kumzibia njia, na ananiambia nishike upande ule, polepole, nisiinam—