Barua Niliyomwandikia Bonareri

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kosa la wengi ni kudhani mtu hunyimwa kazi kwa kuchukiwa tu. Mwingine hunyimwa kwa kukaribishwa.

Bonareri, mke wa mwanangu Kiplimo, amekosa tena ukarani wa idara ya maji. Mara ya tatu! Ana diploma, na amefanya kibarua hapo hapo miaka minne. Hakulia. Alibadilisha viatu, akaenda kukamua ng'ombe.

Jumatano, 5 Juni
Nimeenda ofisi ya kaunti mwenyewe. Janeffer wa masijala nilimfundisha darasa la sita, kwa hiyo alininong'oneza. Naeleza hapa ili nielewe: kati ya ajira mpya kumi, kwa sheria angalau tatu ni za wasio Wakipsigis, kabila letu lililo kubwa hapa. Bonareri ni Mkisii wa Nyamira, akaomba hizo. Bodi ya ajira ikasema ameolewa huku, ni wa hapa, awaachie wageni. Mwaka juzi aliomba zile saba — akaambiwa ni za watoto wa hapa, arudi kwao!

Nikauliza, nani aliwaambia ni wa hapa?

Janeffer akatazama meza. "Mwalimu, ni barua yako."

Jumanne, 11 Juni
Ni kweli. Niliandika Februari barua ya kumwombea kazi, kwa fahari: "Bonareri ni binti yetu kabisa, wa ukoo wetu." Kwetu Mkisii akipokewa katika ukoo, asili yake haitajwi tena. Ni heshima. Nilidhani namsukuma mbele.

Nimempigia Kipyegon wa bodi. Alicheka. "Mwalimu, si ni wewe ulisema? Ama mmemrudisha kwao?" Zile nafasi tatu za wageni ni za wafagiaji wawili na huo ukarani, ambao bado uko wazi. Nimechoka.

Ijumaa, 14 Juni
Muda wa kukata rufaa unaisha leo saa kumi. Janeffer anasema barua ya kwanza ifutwe na nyingine, yenye sahihi yangu mimi mama mkwe.

Bonareri hataki. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa. "Mama, miaka tisa nimengoja mniite wenu. Sasa uniandike mgeni? Kazi ikae."

Watoto wake wawili wanamwangalia baba yao, Kiplimo.

Saa sita na nusu. Karatasi ina tarehe tu.

Najiambia: andika, Bonareri si wetu. Tia sahihi, upeleke kabla ya saa kumi.