Sikuwa Nasoma, Dada

Dada Zeyana,

Wanasema maiti huisikia salamu ya anayemzuru. Basi assalamu alaykum, dada yangu. Nimekuja kaburini kwako mara nne tangu ulipotuacha, na mara zote nne nimekusomea Fatiha, nikainuka, nikaenda zangu, kwa sababu nililokuwa nalo moyoni halikutaka kutoka mdomoni. Leo naliandika.

Sikuwa nasoma. Haya, nimesema.

Ile kozi ya hesabu kwa njia ya posta, ya kule London, niliiacha kwenye somo la tatu. Wewe ukashona kofia mwaka na nusu kwa ajili ya masomo ambayo hayakuwapo.

Unakumbuka ilivyoanza. Tulikuwa tumeshakaa miaka mitatu hapa Maskati, na miye niliyekuwa mwalimu Unguja nilikuwa nikipanga magunia ya ndimu kavu kwenye ghala la tajiri mmoja huko bandarini Matrah. Cheti changu kilibaki kule tulipokimbia, pamoja na vyombo na kila kitu. Siku moja nikaja na kipande cha gazeti nilichofungiwa karanga, kina tangazo: mtu mzima aliye kazini anaweza kujifunza kuweka hesabu kwa barua, na mwisho akapewa cheti. Nilikusomea kwa mzaha tu. Miaka thelathini na nane, nani wa kunifundisha tena? Na ada yenyewe ilikuwa juu ya uwezo wangu. Wewe hukucheka. Uliweka chini kofia uliyokuwa ukiishona, ukaniambia, "Wewe soma. Miye nashona."

Na kweli ukashona. Zamani kofia ulikuwa ukiishona kwa raha zako, baina ya kupika na kuswali. Tangu siku ile hukuiweka chini. Bi Thuwaiba, jirani yetu, akikuuzia, maana wanaume wa huku hawatoki bila kofia, wenyewe wanaiita kumma. Kila asubuhi kabla sijatoka ulinipa sindano kumi nikutungie uzi, nazichomeka kwenye mto wako, kwa sababu tundu ulikuwa hulioni tena. Ati macho yamechoshwa na jua la Maskati. Jua gani, na wewe ulikuwa ukishona ndani?

Masomo mawili ya mwanzo nilifaulu, hilo halikuwa uongo. La tatu likarudi limejaa wino mwekundu juu mpaka chini, na pembeni wameandika: rudia. Miye, Nasoro, niliyekuwa nikiwasahihishia watoto wa watu kwa wino huo huo! Nilikaa na ile karatasi ghalani mpaka masikio yakawaka moto kwa haya. Nikajiambia nitarudia wiki ijayo. Wiki ikawa mwezi. Nawe ukaja na fedha ya somo la nne umeifunga kwenye pindo la leso, ukaniambia, "Wahi posta." Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu, dada. Nikapokea.

Fedha zako zilikwenda wapi? Acha nikwambie yote. Sigara, za kuvuta kwa kujificha nyuma ya ghala. Kahawa na halwa za kuwakirimu watu waliokuwa wakiniita mwalimu. Na ile saa ya mkono. Nilikwambia nimetunukiwa na chuo kwa kufanya vizuri, nawe ukapiga kigelegele peke yako jikoni, ukamwita Bi Thuwaiba aje aione. Loo! Chuo cha barua kimpe mtu saa! Uongo wenyewe haukuwa hata na akili, ila wewe ulikuwa hujui kunidhania uongo.

Kila baada ya alasiri nilikaa mezani nikiandika. Ulikuwa ukiwafukuza watoto wa jirani uani, "Nyamazeni, mwalimu anasoma!" na wewe mwenyewe ukivua makubadhi ili usinipigie kelele. Unajua nilikuwa nikiandika nini? Majina ya mitaa ya kwetu. Malindi, Kajificheni, Mkunazini, Vuga, Shangani. Nikifika mwisho naanza upya.

Kisha ikaja ile homa, na siku ya tano hukuwa nasi.

Tulipokwisha kukufukia, nikasimama miye, ndugu yako wa pekee, kama ilivyo ada, nikawaambia watu: marehemu alikuwa mtu kama watu, huenda alimkosea mtu kwa neno au kwa kitendo, basi namuombea radhi, msameheni. Wote wakaitikia, "Tumemsamehe." Wewe ndiye wa kuombewa radhi? Umemkosea nani? Mkosaji ni yule aliyesimama anasema, na wa kumsamehe tumeshamtia udongo.

Kwenye matanga wanaume wakanipa pole na sifa kwa pamoja. Kumbe ulikuwa umemwambia kila mtu. "Dada yako kafa, lakini kakuachia elimu." Nikainamisha kichwa, wakadhani ni huzuni tu.

Wiki ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikamwendea Bi Thuwaiba, nikamwambia yote, mpaka habari ya saa. Nilitaraji anitukane. Akaniambia tu, "Miye nikusamehe nini, mwanangu? Mwenye haki yake kalala." Akaingia ndani. Mpaka leo hasemi nami vizuri, na sasa mtaa mzima unajua. Nastahiki.

Nimewaandikia wale wa chuo. Sikuzua ugonjwa wala safari, nimewaambia niliacha kwa aibu. Wamenijibu niendelee pale nilipokomea. Ada nnailipa mwenyewe. Kazi ya ghala ikisha, napakua mizigo na wachukuzi mpaka karibu na magharibi. Mgongo unauma, lakini sisemi kitu, maana wewe ulikuwa husemi.

Lile somo la tatu nimelifanya upya. Ni gumu, dada, kweli gumu. Kuna mzee mmoja wa Kihindi, karani wa duka la vitambaa, nimekwenda kumuuliza. Muda wote ule ningeweza kwenda kumuuliza. Kiburi tu, ati mwalimu mzima aulize! Jana nimelitia posta. Sijui litarudi na wino gani.

Sikwambii unisamehe, maana nahisi ni kama kukupa kazi nyengine. Namuomba Mola akupe nuru kaburini, kwa ile ya macho uliyoipoteza kwa ajili yangu.

Ahadi yangu ni hii. Jibu likija nitakuja nalo huko ulipolala, nikusomee kwa sauti, neno kwa neno. Nikifaulu nitakwambia. Na nikifeli, dada, nitakwambia vile vile.

Mdogo wako,
Nasoro