Wimbo Niliouweka Keringet

Nakuru

Baba yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha mlangoni, na lile goti limetulia. Mama aliniambia limeanza kukusumbua tena tangu mvua ianze. Unajipaka dawa, au bado iko juu ya kabati? Mimi huku ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kubeba spika.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu sisi wawili huulizana habari za mahindi, kisha unampa Mama. Hili nataka ulisikie wewe.

Siku niliyoondoka uliniambia, "Ngoma haipigwi kwa kidole kimoja." Iliniuma, Baba. Nilijua ulitaka nirithi ngoma yako ya kanisani, na uliona nimeikataa. Nikaapa moyoni kwamba nitakuwa DJ hodari mpaka ukubali mwenyewe. Sasa naitwa kwenye harusi hadi Molo na Keringet, na kusema kweli kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba.

Basi mwezi uliopita, huko Keringet, kikanywea. Mama wa bwana harusi alikuwa anaingia na wanawake wenzake. Nilikuwa nimemwandalia wimbo wa Kikalenjin, sauti tamu ajabu, mwendo wake ukilingana kabisa na ule uliotangulia. Mashine ilinionyesha hivyo, nami nikaridhika. Maneno sikuyajua, wala sikuuliza mtu. Nikauweka. Makofi yakakatika, wanawake wakasimama pale pale. Emsii akanijia mbio.

"Boss, hiyo ni wimbo ya matanga! Tunaimbanga tukibeba maiti!"

Nikapeleka kidole kuuzima, lakini yule mama akainua mkono.

"Wacha iishe, kijana," akasema. "Hiyo ndio tuliimbia mzee wangu. Na yeye pia hii ni harusi ya mtoto wake."

Akauimba wote, machozi yakimtoka. Mimi pia nililia, sikujificha. Wimbo ulipoisha watu wote wakanitazama, na katika nyimbo zangu chungu nzima sikujua niweke upi. Hapo ndipo nilipokukumbuka. Wimbo ukiharibika kanisani, wewe huondoa mikono kwenye ngoma, ukainamisha kichwa, ukangoja akina mama waupate tena wenyewe. Nikavua hedifoni, nikazima kila kitu.

Kimya kilikuwa kirefu, Baba, nikajua nimeharibu kazi. Kisha mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wao wa harusi, wenzake wakaitikia kwa makofi. Nikasikiliza miguu yao kwanza, kama ulivyonifundisha, ndipo nikaingiza mdundo chini chini, nikiupandisha kidogo kidogo. Yule mama alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Alipokuja kuniaga aliniuliza, "Nani alikufunza kungoja?"

"Ni baba yangu," nikamwambia. "Ni mpiga ngoma."

"Mwambie asante."

Nami nimekufikishia. Asante yangu pia iko humo humo, imechelewa tu.

Binti yako Nekesa ameniomba nije na mashine kwenye harusi yake Desemba. Bado sijamjibu. Nataka kuja, lakini nataka ngoma yako ndiyo ifungue. Nitaiwekea maikrofoni nzuri, na kiti kirefu kisichoumiza goti.

Mwambie Mama sweta alilonifumia ndilo linaloniokoa na baridi ya Molo. Msalimie Nyanya, umwambie bado nakula, asiwe na wasiwasi. Na baba mdogo Barasa, aliyenibebea sanduku hadi stendi siku ile wewe ulipobaki ndani, mpe mkono wangu.

Usijisumbue kujibu ikiwa kuandika kunakuchosha. Siku ya harusi nitakuwa nyuma ya mashine, hedifoni shingoni, mikono nimeiondoa. Nitangoja wewe uanze.

Mwanao,
Wafula