Ng'ombe Niliyemnyima Maji

Porini, Lindi

Mayu, mama yangu,

Ng'wadila mayu. Mguu umepoa, au bado unakusumbua ukienda shambani? Sisi huku tunapumua, watoto wanakula, namshukuru Mungu. Barua hii akusomee Kabula, binti wa marehemu dada. Usimpe kaka Kwilasa, ataruka mistari anapotaka.

Nimechoka na simu zake. Kila akipiga ni lile lile: "Umeua ng'ombe wa mama!" Hajaniuliza hata mara moja ilikuwaje. Basi nikueleze mwenyewe.

Kijito tulichokuwa tukinyweshea kilikauka. Mimi na mume wangu Masanja tukaamua kuhamia kwenye mto mkubwa, mwendo wa siku tatu. Siku ya pili ng'ombe wakaanza kulala njiani. Tukachimba mchanga korongoni kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Maji yalikuja kwa kuchuruzika. Ndoo moja unaisubiri mpaka kivuli kinakuhama. Masanja akataka kila ng'ombe apate funda.

"Ukiwagawia wote, watakufa wote," nikamwambia. "Tuwanyweshe wanaoweza kufika."

Akamtazama yule mweupe wako, uliyenipa nimkamue watoto wanywe maziwa. Alishazeeka, miguu ya nyuma inatetemeka.

"Huyu siwezi," akasema. "Nitamtazamaje mama mkwe?"

"Ndiyo maana nachagua mimi. Isije siku wakasema ulimwua wewe."

Nikamshika pembe, nikamtoa pale. Alikuwa anasikia harufu ya maji, mayu. Akalia. Wenzake saba walikunywa, na wote saba walifika mtoni. Yeye asubuhi hakuamka.

Leo kaka, anayefungua bomba tu akachota, anataka niombe radhi mbele ya ukoo! Angekuwepo angefanya nini? Angepiga simu?

Wewe ukinikasirikia nitainamisha kichwa, maana alikuwa wako. Lakini niambie kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa kaka. Nikirudishwa korongoni leo nitachagua vilevile, na nitalia vilevile.

Nisalimie shangazi anayekupikia, na mchungaji aliyetuombea safari. Kabula mwambie asome sana. Kaka naye msalimie. Nina hasira naye, ila nimezaliwa naye, nitamtupa wapi?

Mwanao,
Minza