Gauni la Kumpunguzia Binti Miaka

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke kabla hujamaliza kusoma, mimi ni fundi cherehani, mama wa binti mmoja tunayemwita Malkia, hatembei, hasemi, chakula anapewa kwa mpira uliopitishwa tumboni na kifafa anacho tangu uchanga, na kliniki ya watoto ndiyo iliyotulea sote wawili, lile benchi la kijani, wale samaki waliochorwa ukutani ambao mmoja hana jicho, kina mama tukipokezana chupa ya chai na kufundishana kusafisha mpira, na nesi wetu tuliyembandika jina Sista Kijiko akiingia huku anaimba, Malkia akiisikia tu ile sauti anapepesa macho, maana kwake kupepesa ni ndiyo. Sasa pale mwisho ni miaka kumi na minne, ukifika unahamishiwa jengo la watu wazima ng'ambo ya uwanja ambako hakuna anayetujua, kwa hiyo kadi yetu ilipolowa maji miaka miwili iliyopita nikaandikisha mpya nikasema ana tisa, na kumbe Malkia alikuwa na kumi na mitatu, na tangu hapo kila tukienda namvalisha gauni la kitoto nililoshona mwenyewe, lesi shingoni, marinda, utepe mgongoni, na umbo lake dogo likanibeba. Lakini miezi mitano sasa ameanza hedhi na kila ikikaribia kifafa kinamkamata mara tatu, mara nne kwa siku, daktari ananiuliza kuna jipya, nasema hakuna, naogopa wataanza kuhesabu. Juzi Sista kaushika ule utepe akasema, "Malkia wetu hakui, eh? Fundi, nishonee na mimi kama hili, nisistaafu," watu wakacheka, nami nikacheka, na kweli anastaafu mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Fundi mwenye hofu

Fundi,

Sijacheka. Benchi hilo hata mimi ningelililia.

Ila daktari anamtibu mtoto wa miaka kumi na mmoja ambaye hayupo. Aliyepo ni msichana wa kumi na mitano anayeteseka, na wewe unayejua kifafa chake kinafuata hedhi, mdomo umeushona.

Na Sista ulidhani anatania? Mtu aliyempima Malkia tangu anabebwa kwa mkono mmoja hapotezi hesabu. Alikufungulia mlango, mama, ukacheka ukaupita.

Nenda kesho asubuhi, usingoje tarehe ya kadi. Mwambie Sista yote, na daktari ayasikie: umri, hedhi, siku gani, mara ngapi. Sista atakugombeza. Kaa kimya, umeyataka. Akimaliza, mwombe awavushe uwanja yeye mwenyewe kabla hajastaafu, awaambie wa kule kwamba kupepesa ni ndiyo. Mliyofundishana benchini yaandike daftarini, uwakabidhi. Yule samaki asiye na jicho mpige picha, umbandike karibu na cherehani.

Halafu shona gauni la kuvukia. Mtandazie vitambaa, uliza kimoja kimoja, ungoje apepese. Miaka miwili umemvalisha bila kumuuliza. Na lesi usiitie mpaka akubali.